Mashine ya Mtu Mmoja

"Nataka hii ndogo," Mkasi alisema, na wakati akisema hakumtazama mtu.

Ndogo kwa kipi, hapo ndipo palipozua maneno. Juu ya kaunta ya kioo zilikaa laptopu mbili, mapacha kabisa: rangi moja ya majivu, wembamba mmoja, zote zimeingia dukani wiki hiyo hiyo na bado zina nailoni ya kiwandani juu ya skrini. Kwa nje hata aliyeziunda angezichanganya. Tofauti ilikuwa tumboni. Moja ilikuwa na memori ya giga kumi na sita na diski ya kawaida. Pacha wake alikuwa na memori mara mbili ya hiyo, na diski ya kumeza harusi za mwaka mzima asicheue. Tofauti nyingine ilikuwa kwenye bei. Ndogo ilikuwa bei ya pikipiki mpya. Kubwa ilikuwa bei ya pikipiki hiyo hiyo, na kitanda, na kabati la milango mitatu.

"Ndogo ya kubeba ukumbini, sawa," alisema Kamera. "Ya kuhariria tutachukua kubwa tukijaliwa."

"Nimesema ndogo. Moja. Basi."

Huyu Kamera, na hilo ndilo jina mtaa mzima ulilomjua nalo, alikuwa mpiga video wa maharusi. Mkasi alikuwa mhariri wake, na jina alipewa na Kamera mwenyewe, kwa kuwa mkono wa mwanamke yule haukuwa na huruma kwa picha mbaya hata iwe ya mjomba wa bibi harusi. Kazi ilitangulia, mapenzi yakafuata nyuma, na tangu mwaka uanze walikuwa wakingoja kitu kimoja tu ili waoane: ridhaa ya mama yake Kamera. Mama huyo alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ilikuwemo akiba ya mwanawe, nusu ya bei ile kubwa. Mwanawe alikuwa na mkono unaovuja, na tangu utotoni mama ndiye aliyekuwa benki yake.

"Sikiliza basi," Kamera alisema, bado kwa upole. "Hizi si kama lile dude letu la zamani, ukazidiwa unafungua mgongo unaongeza. Memori yake imechomelewa kwenye bodi. Huongezi kesho, huongezi keshokutwa. Unachochukua leo ndicho utakachozeeka nacho."

"Kuzeeka si kumeshaanza? Si ndivyo inavyosemwa?"

Kamera alitabasamu tabasamu la mtu aliyetupiwa kichekesho asichokielewa. Mama yake hakutabasamu. Aliacha kuchezea zipu ya mkoba.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, alikuwa amewauzia wapenzi vitu kwa miaka mingi na aliujua moshi kabla ya moto. Akajaribu kumwaga maji. "Uzuri wake zote mbili hazina feni," alisema. "Kimya kabisa. Unafanya kazi hata mtoto amelala pembeni."

"Kimya nimekizoea," Mkasi alisema.

"Hilo la feni ndilo linaloniogopesha," Kamera akadakia, kwa maana alikuwa mwanamume wa kusikia maneno akaacha maana. "Kubwa memori yake itaibeba kazi, lakini ipe ndogo harusi yenye urefu wa saa tatu uone. Itapata moto kama pasi, ipunguze mwendo, ukae unasubiri mpaka ukonde. Na matundu yenyewe mawili tu. Chaja inachukua moja, diski ya nje, maana ya ndani haitoshi, inachukua la pili, kadi ya kamera utaichomeka wapi? Puani?"

"Sitachomeka kadi."

"Sasa harusi utazihariri kwa nini?"

"Sitahariri harusi." Mkasi aliifunga ile ndogo polepole, ikalia tiki. "Nataka mashine ya kuandikia barua za kuomba kazi. Kuna kituo cha televisheni kinatafuta wahariri, na wao wana mashine zao. Kwa barua hii inatosha na kubaki. Ni mashine ya mtu mmoja."

Mwenye duka alivaa miwani yake, akakumbuka kuwa risiti za jana zinahitaji kupangwa.

Msomaji, usimwone Mkasi mkorofi. Kila kidonda kina mkuki wake, na wa huyu nitakuonyesha.

Wawili hawa walikuwa na namna yao ya kufanya kazi ambayo wenzao waliicheka. Kamera alivaa maiki ndogo isiyo na waya kwenye ukosi wa shati, na huku akipiga picha alimnong'oneza mhariri wake maelezo, yakaingia moja kwa moja kwenye rekodi. "Mkasi, hapa usiguse, baba wa bibi harusi anajizuia kulia." "Mkasi, shangazi huyu kata, anahutubia huku anatafuna." Kesho yake Mkasi alikaa na hedifoni masikioni, akamsikiliza, akakata. Na ni humo humo, katikati ya taa zilizozimika na keki iliyoegemea upande, ndipo aliposikia siku moja: "Mkasi, nakupenda, na hili usilikate." Hakulikata. Alilihifadhi ndani ya lile dude la zamani, na alikuwa analirudia kulisikiliza mara nyingi kuliko angeweza kukiri mbele ya watu.

Kamera alikuwa na kasoro moja: hakukumbuka kuzima maiki. Mkasi alishamsikia akila, akipiga chafya, akigombana na dereva. Kila mara alimwambia, "Hukuzima maiki," na kila mara walicheka mpaka machozi.

Mpaka ilipokuja harusi ya jirani yao, ambayo mama yake Kamera alikuwa mgeni mwalikwa. Mama alimvuta mwanawe nyuma ya hema.

"Umemwona bibi harusi yule?" sauti yake ilisema masikioni mwa Mkasi, karibu kama yuko mezani naye. "Mbichi, maisha yote yako mbele. Wewe umeng'ang'ania mwanamke aliyekuzidi umri, ameshaachika, analala na kompyuta. Hebu niambie ukweli mimi mama yako. Unampenda yeye, au unapenda kazi anayokufanyia?"

Mkasi alingoja jibu. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Alisikia pumzi za Kamera. Alisikia vijiko, na muziki wa mbali, na pumzi tena. Kisha Kamera akasema kwa sauti ile ile ya kazi: "Kata hapo."

Angetukana ingekuwa afadhali, kwa sababu tusi mtu hulijibu. Mkasi aliivua hedifoni, akaimalizia harusi ya watu vizuri kabisa, akaipeleka kwa wenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa akimjibu Kamera kwa neno moja moja, naye Kamera akidhani ni uchovu wa msimu.

Sasa dukani uchovu huo ulikuwa umesimama mbele yake umekunja mikono.

"Mtu mmoja yupi?" aliuliza. "Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwa na mama yako."

"Mkasi, mimi nakuambia habari ya mashine, wewe unaniletea mama. Kazi za msimu ujao zimeshachukuliwa, watu wamelipa arubuni. Bila wewe nitafanyaje? Kubwa hii ni kwa ajili yako, ufanye kazi kwa raha."

"Haya, sema tena."

"Nini?"

"Kwamba bila mimi kazi zitakwama. Ninapenda unavyolisema, linatoka moyoni."

Mama aliinuka kwenye kiti. Alikuja mpaka kaunta kwa mwendo wa mtu anayekuja kuamulia ugomvi baada ya kuuwasha mwenyewe. Mkasi alikuwa amemwamkia kwa heshima zote walipokutana mlangoni, naye aliitikia kwa pua. Aliichukua laptopu kubwa kwa vidole viwili, akaigeuza, akaipima uzito.

"Mbona hii yote ni kifuniko?" aliuliza. "Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo yenyewe, Mama," Kamera alisema.

"Kwa bei ile? Hata sahani ina kina." Aliirudisha. "Mwache achukue ndogo yake. Mwenye macho haambiwi tazama. Anajitoa mwenyewe, wewe unamshika shati la nini?"

Mkasi alimgeukia. Alikuwa ameapa kwamba siku hiyo hatasema, atanunua ndogo yake kwa fedha yake aende zake. Lakini moyo ulishafura, na uliofura haufungiki.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema. "Kwa hiyo nitakuambia mimi mwenyewe usije ukaambiwa na watu. Nyuma ya hema siku ile mwanao hakuzima maiki. Nilisikia. Umri wangu, ndoa yangu ya kwanza, na kulala kwangu na kompyuta. Neno kwa neno."

Kamera aligeuka rangi. Mama hakupepesa.

"Vizuri kama umesikia," alisema. "Nimepunguziwa kazi ya kurudia."

"Mama!" Kamera alisema.

"Mama nini? Nimesema uongo wapi? Hajakuzidi umri? Hajawahi kuolewa? Huyu aliachwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, sasa mimi nifunge macho nikupe?"

"Niliondoka mwenyewe," Mkasi alisema. "Sikuachwa. Niliondoka kwa sababu yule bwana mama yake alikuwa anaongea na yeye ananyamaza. Nilidhani nimejifunza."

Aliyasema hayo akimtazama Kamera, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kumtazama usoni. Yalikuwa macho aliyoyapenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hata akiwa amemchukia, mkono wake ulitaka kumnyoosha ukosi. Kwenye ukosi huo maiki ilikuwa bado imebanwa. Walikuwa wametoka kurekodi tangazo la karakana ya samani, wakaja dukani moja kwa moja, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa. Siku nyingine angemwambia. Leo aliiacha imalize betri yake.

"Kumbe ni hilo," Kamera alisema kwa sauti ndogo. "Mkasi, niliposema kata pale, ndiyo nilikuwa nimegundua maiki imewaka. Sikutaka uumie. Nikajipa moyo kwamba utakata bila kusikia yote."

"Kwa hiyo ulijua inarekodiwa."

"Mwishoni, ndiyo."

"Ulijua itanifikia, na bado hukuwa na la kusema." Mkasi alicheka kicheko kikavu. "Mimi nilikuwa najifariji kwamba ulidhani uko peke yako. Asante kwa kunisahihisha."

"Siyo hivyo."

"Haya, mama yako huyu hapa, na mimi niko hapa, hakuna hema. Swali liko pale pale. Mjibu."

Kamera alifumbua mdomo. Alimtazama mama yake, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka kama mtu anayejiandaa kulia. Alimtazama Mkasi. Akafumba mdomo.

Mkasi aliuvuta begani mfuko wa vifaa vya sauti. "Laptopu nitakuja kuichukua mwenyewe, peke yangu," alimwambia mwenye duka. "Niwekee ndogo. Samahani kwa kelele." Akatoka, na mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake taratibu, kana kwamba nao ulikuwa unamwonea haya.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Alisimama chini ya turubai la duka, akiwapa kisogo waliomo ndani, akaingiza mkono mfukoni kutafuta mwavuli. Badala ya mwavuli aligusa kitu chenye joto. Kilikuwa kisanduku cha kupokelea sauti ya maiki ya Kamera. Kilikuwa kimewaka tangu karakana, hedifoni imezungushwa juu yake, na taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa sambamba na ile iliyobaki ndani.

Alikishika akakitazama. Mara ya kwanza alisikia kwa bahati mbaya. Safari hii ingekuwa ni kwa kutaka, na anayetaka kusikia asilie na alichosikia. Alijiambia azime, afungue mwavuli, aende. Kisha akaipachika hedifoni.

"Amekwenda," mama alikuwa anasema. "Futa uso, tutoke. Aibu gani hii, mbele ya watu."

Pumzi za Kamera, kama siku ile. Badala ya vijiko safari hii kulikuwa na mvua. Mkasi alihesabu ujinga wake wote, akapeleka mkono sikioni aivue.

"Mama, sikukujibu lile swali."

"Swali gani?"

"La nyuma ya hema."

"Sihitaji jibu, mwanangu. Kunyamaza kwako kulinitosha."

"Na yeye kulimtosha. Ndiyo maana amekwenda." Kamera alisikika akivuta kamasi. "Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Niliogopa utalia mbele za watu, nionekane nimemliza mama yangu. Nikaona bora alie yeye. Yeye huwa analia kimya kimya, hasumbui mtu. Unasikia ubaya wa hilo, Mama? Mimi ndiyo kwanza nausikia leo, natamani ardhi inimeze."

"Wahariri wamejaa tele."

"Wamejaa. Kesho nitapata hata watatu. Watakata vizuri, wengine kumshinda."

Chini ya turubai Mkasi alikunja uso.

"Sasa unalilia nini?" mama aliuliza.

"Nalilia yeye. Aende huko televisheni, asiguse tena hata picha yangu moja. Wa kunikatia picha nitampata. Yeye simpati kwingine." Kisha sauti ikageuka upande. "Dada, mfungie ile ndogo anayoitaka. Nitalipa mimi. Mama, nipe akiba yangu."

"Sikupi."

"Basi nitauza kamera."

"Utauza kamera ule nini?"

"Sijui. Sijafika huko."

"Unanifanyia hivi mimi niliyekuzaa? Kwa ajili ya mwanamke?"

"Ndiyo," Kamera alisema. "Nampenda huyu mwanamke, na wewe nakupenda. Ukitaka kulia, lia, Mama. Nitakukalisha, nitakupa maji. Ila jibu langu halitabadilika."

Mama alilia. Mkasi alimsikia, akasikia na kiti cha plastiki kikivutwa, na Kamera akimwomba mwenye duka maji ya kunywa. Alisimama akiitazama mvua, chozi linamshuka na hasira ziko pale pale, kwa kuwa alikuwa na uhakika wa mambo mawili: kwamba bado angeweza kumzaba mtu huyu kofi, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani ambaye yeye angetaka kumzaba. Aliivua hedifoni, akaizungushia kwenye kisanduku, akapangusa uso kwa kiganja.

Alipousukuma mlango wote watatu waligeuka. Mama alikuwa kwenye kiti na glasi mkononi, mkoba ameukumbatia kwa mkono mwingine. Mwenye duka alikuwa ameshaingiza ile ndogo nusu ndani ya boksi.

"Itoe hiyo, dada yangu," Mkasi alisema. "Leo hatununui."

"Umesema ndogo," Kamera alisema kwa woga. "Nimemwambia ndogo."

"Ndogo haitoshi. Harusi ya saa tatu itaichemsha, na kuongeza haiongezeki, wewe mwenyewe umesema. Tutaendelea na dude la zamani mpaka tuwe na fedha ya kubwa, yetu wenyewe. Na akiba iliyo kwa Mama ibaki kwa Mama." Alimgeukia yule mama mkwe asiyemtaka, akainamisha kichwa kidogo. "Pole, Mama. Kunywa maji." Mama alitazama ukutani, lakini alikunywa.

Kamera alikuwa amekodoa macho. "Si umetoka hapa umeapa? Nani amekubadilisha mawazo?"

"Usichekelee. Sijakusamehe, na hapa hadi nyumbani usiniongeleshe." Alimsogelea mpaka akasikia pumzi zile zile, sasa bila waya. Alinyoosha mkono, akaushika ukosi wa shati lake, akabonyeza, na taa ya kijani ikazimika.

"Hukuzima maiki," alisema.